Nimekatwa vidole kazini: nianze na wakili au na ofisi ya leba?

SWALI

Wakili, hujambo. Mimi ni kibarua wa miaka 27 katika karakana moja ya mabati huku Changamwe, Mombasa. Nalipwa shilingi 800 kwa siku, siku sita kwa wiki, na msimamizi hunitumia kwa M-Pesa. Sina barua ya kazi. Miezi minne iliyopita mashine ya kukata mabati ilinikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Msimamizi alinipeleka hospitali, mwajiri akalipa bili, kisha akanipa shilingi 30,000 na karatasi ya Kiingereza nitie sahihi. Nilitia. Sasa anasema mambo yaliisha, na kwamba kosa ni langu kwa kuvua glavu. Nilipokuwa wodini kuna kijana alinijia akasema ofisi ya mawakili anakofanya kazi itanifungulia kesi nipate milioni tatu, wao wachukue thuluthi. Nilimpa jina na nambari ya kitambulisho, sijamsikia tena. Je, haki yangu bado ipo? Na ni lazima niwe na wakili?

JIBU

Pole sana, ndugu yangu. Haki yako ipo, na ya kuanzia haihitaji wakili. Lakini kuna hatua mbili mbele ambapo kukosa wakili kunaweza kukugharimu pesa nyingi, nami nitakuonyesha ni zipi.

Tuanze na muda, maana ndio unaowaponyoka watu. Majeraha ya kazini hapa Kenya yanasimamiwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wetu tunaiita WIBA. Inakutaka umjulishe mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Hilo lisikutie wasiwasi: msimamizi alikuwepo na ndiye aliyekubeba hospitali, kwa hiyo mwajiri alijua siku ileile. Baada ya kujua, alikuwa na siku saba za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia nalo liwe limefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wewe umetumia minne.

Sasa kuhusu yule kijana wa wodini. Nataka uelewe vizuri kwa nini njia aliyokuahidi haipo. Kifungu cha 16 cha WIBA kinasema mfanyakazi hafungui kesi ya kumdai mwajiri wake fidia ya jeraha la kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Mawakili walikipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikitangaza, pamoja na vifungu vingine, kuwa kinyume cha Katiba. Kwa miaka mingi baadaye kesi zikaendelea kumiminika mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi ule kwa sehemu kubwa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala: dai linaanzia kwa Mkurugenzi, na mahakama inakuja baadaye kwa rufaa. Zipo kesi za zamani zilizowekewa utaratibu wake, ila ajali yako ni ya miezi minne iliyopita.

Kwa hiyo wakili akienda moja kwa moja kwa hakimu na jeraha kama lako, upande wa mwajiri utasimama na kusema mahakama haina mamlaka, na kesi itaondolewa. Wakati hayo yakibishaniwa, miezi 12 inahesabika. Nimeketi na watu walioletwa kwangu wakiwa na faili nene la mahakama na dai ambalo halikuwahi kufika kwa Mkurugenzi. Ni mazungumzo mazito mno kufanya na mtu aliyepoteza mkono.

Hata hiyo milioni tatu, tuipige hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa kuchukua mapato yako ya miezi 96, kisha unapewa asilimia inayolingana na ulemavu wako. Shilingi 800 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 20,800 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,996,800. Mtu aliyepoteza mikono yote miwili, ambaye jedwali la sheria linamhesabu kuwa na ulemavu wa asilimia 100, kwa mshahara wako asingefika milioni mbili. Aliyekuahidi tatu kwa vidole viwili alikuwa anatafuta sahihi yako tu.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha jambo lingine, na hili lishike: kwako wewe, kila asilimia moja ina thamani ya shilingi 19,968. Daktari akiandika 8, ni 159,744. Akiandika 15, ni 299,520. Kwa mfano tu nasema, sijauona mkono wako. Jedwali la kwanza la WIBA limepanga asilimia kufuatana na kiungo na mahali kilipokatikia, kwa hiyo ripoti inayosema tu "jeraha la vidole" haikusaidii. Iseme ni vidole vipi, vimekatikia pingili gani, kidole kilichobaki kinakunjika au kimekakamaa, na kama huo ndio mkono unaoutumia.

Hiyo ni fidia ya ulemavu. Zaidi yake kuna malipo ya muda ule uliokaa nyumbani bila kazi. Jeraha likikuweka nje kwa siku tatu au zaidi, unastahili kuendelea kulipwa sawa na mapato yako mpaka upone vya kutosha kurudi, kwa muda usiozidi miezi 12. Na matibabu ni juu ya mwajiri, pamoja na kliniki za baadaye. Weka risiti zote, hata za bendeji.

Kuhusu kutokuwa na barua ya kazi, usikubali kuambiwa kwamba kibarua hana haki. Sheria inamtazama mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba wa mdomo ni mkataba. Ushahidi wako umo kwenye simu yako. Nenda kwenye duka la Safaricom uombe taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, upigie mstari kila 800 au kila jumla ya wiki kutoka kwa msimamizi. Ongeza picha mlizopiga kazini, jumbe za kukuita zamu, majina ya wenzako wawili walio tayari kusema. Kadi ya hospitali nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: angalia kama siku ya kwanza kabisa waliandika kwamba uliumia kazini kwa mashine. Kama waliandika "ameanguka" au hawakuandika kitu, rudi uwaone wakupe ripoti kamili kutoka kwenye kumbukumbu zao.

Glavu. Mfumo huu haukuundwa kutafuta nani alikuwa mzembe. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Sheria humnyima fidia aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo imeweka nafasi kwa anayebaki na ulemavu mkubwa au anayefariki. Kuvua glavu kwa sababu zinateleza kwenye bati si kutaka kujikata. Ila usiandike popote kwamba "kosa lilikuwa langu", hata kwa ujumbe wa simu wa kuomba msamaha ili urudishwe kazini.

Ile karatasi ya Kiingereza ndiyo niliyoifikiria zaidi. Mfanyakazi hawezi kuziachia haki zake za WIBA kwa kutia sahihi makubaliano pembeni, kwa hiyo haimalizi dai lako. Mwajiri anaweza kusema zile 30,000 zihesabiwe kama sehemu ya alichokwisha kukulipa, na hilo linajadilika. Omba nakala yake. Akikataa, andika kwa mkono wako tarehe uliyotia sahihi, nani alikuwepo, na kwamba hukusomewa kwa lugha unayoielewa. Na kuanzia leo usitie sahihi karatasi nyingine yoyote bila kuisomewa na mtu wako.

Hatua ya kwanza basi ni ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti. Ukipotea, ulizia ofisi ya leba, watakuelekeza. Ulizia kama ajali yako imeripotiwa. Kama haijaripotiwa, toa taarifa wewe mwenyewe kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuna fomu inayoitwa DOSH/WIBA 1: sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari anayepima asilimia. Mwajiri akikwepa kuijaza, mwambie afisa, amwandikie. Bima ya mwajiri inaweza kutaka upimwe na daktari wao. Nenda, lakini baki na ripoti ya daktari wako, na zikitofautiana mpe afisa zote mbili. Mkurugenzi akishakokotoa fidia na kuidai, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Kama hana bima, ambayo sheria inamlazimisha kuwa nayo, deni linabaki kuwa lake.

Mpaka hapo hujahitaji kumlipa mtu yeyote, na nasema hivi nikijua baadhi ya wenzangu hawatapenda.

Wakili anahitajika kwanza pale tathmini inapotoka na asilimia ni ndogo kuliko mkono wako unavyosema, au mapato yamehesabiwa kama siku kumi kwa mwezi wakati ulifanya 26. Una siku 60 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Mkurugenzi. Yeye anatakiwa kujibu ndani ya siku 14, na usiporidhika na jibu, una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Leba. Pingamizi linaonekana kama barua ya kawaida, lakini rufaa itasimama juu ya hoja ulizoziweka humo, na hoja hizo ni za kitabibu na za kisheria kwa pamoja. Hapo lipa wakili, hata kama ni kwa kukuandikia barua hiyo moja tu.

Hatua ya pili inayohitaji wakili ni kukusanya pesa. Siku 90 zikipita kimya, mara nyingi inabidi kwenda mahakamani kuomba tathmini ya Mkurugenzi ipokewe kama hukumu, ili mali ya mwajiri iweze kukamatwa. Hilo si jambo la kujaribu peke yako. Ukiachishwa kazi kwa sababu umedai fidia, hilo ni dai jingine kabisa chini ya Sheria ya Ajira, na lina muda wake wa miaka mitatu. Mweleze wakili siku hiyohiyo, yasichanganywe.

Sasa ada. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda, na hakimruhusu kununua sehemu ya dai lako. Kwa hiyo ile "thuluthi yetu" haina mguu wa kusimamia, na kutuma vijana wodini kutafuta wateja ni kosa chini ya sheria hiyohiyo. Wakili halali atakwambia ada yake kwa maandishi, atakupa risiti, na jina lake utalipata ukilitafuta kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Ofisi ya yule kijana, kama ipo, iandikie barua fupi kwamba hujawapa idhini ya kukuwakilisha. Kisha uliza kwenye masijala ya mahakama hapo Mombasa kama kuna kesi yoyote kwa jina lako, usije ukakuta dai lililofunguliwa hulijui.

Kama huna cha kulipa, usikae nyumbani. Kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Kituo Cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasimamia wanyonge tangu 1973 na mambo ya kazi wanayajua vizuri. Kama karakana yenu ina chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi wake pia, maana wao hufuatilia fomu hizi kila wiki na maafisa wanawafahamu.

Jumatatu asubuhi beba kitambulisho, kadi ya hospitali, taarifa ya M-Pesa na picha za mkono ulivyo sasa. Nakala ziache pale ofisini, asili rudi nazo nyumbani. Tathmini ikitoka, soma kwanza mstari wa mapato na mstari wa asilimia, uzidishe mwenyewe mapato ya mwezi kwa 96, kisha uchukue asilimia hiyo. Hesabu isipokubaliana na hii tuliyoipiga hapa, niandikie tena wiki hiyohiyo.