Faili lafika zima, sauti yamezwa: kwa nini?

SWALI: Nina saiba hapa Langoni, Lamu. Mteja akipakua faili, hata mtandao ukisuasua, hufika zima. Akipiga simu ya video, sauti humezwa. Fundi asema faili lina muunganisho, simu haina. Kitabu cha mwanangu nacho chasema tabaka la mtandao la OSI (kielelezo kinachogawa kazi za mtandao katika matabaka) lina huduma zote mbili. Nishike lipi?

JIBU: Yote mawili ni kweli, ila usichanganye matabaka. OSI, iliyotoka 1984, huruhusu huduma zote mbili kwenye tabaka la mtandao. Intaneti ina IP tu hapo, kanuni ya kupeleka pakiti (vipande vya data), nayo haina muunganisho, yaani pande mbili hazipatani kwanza: kila pakiti hubeba anwani yake na yaweza kupotea, kujirudia au kupitwa na ya nyuma yake. Uchaguzi uko tabaka la juu yake, la usafirishaji.

TCP, kanuni ya usafirishaji inayobeba faili, huanza kwa salamu ya jumbe tatu: SYN, SYN-ACK, ACK. Kila baiti ina nambari, na isiyothibitishwa hutumwa tena. Ndiyo maana faili hufika zima. Muunganisho huo hukaa kwenye kumbukumbu za mashine mbili za mwisho tu. Hapa wanafunzi huteleza, wakidhani kuna njia iliyotengwa kama ya X.25, mtandao wa pakiti wa zamani.

UDP, kanuni nyingine ya usafirishaji, ambayo simu hutumia kwa kawaida, haina salamu wala marudio. Kichwa chake (maelezo yanayotangulia data) ni baiti 8, cha TCP si chini ya 20. Sauti kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20. Kilichopitwa na zamu yake hutupwa.

Lakini mara nyingi anayeimeza simu ni faili lenyewe. TCP huongeza kasi hadi foleni ya ruta ijae, na sauti imo foleni hiyohiyo.

Pima. Mtu akiwa anapakia video, andika kwenye Windows ping -n 50 na anwani ya ruta, kisha rudia kwa 8.8.8.8, seva ya Google; ping hupima muda wa pakiti kwenda na kurudi. Pakiti zikipotea kwenye ruta, tatizo ni waifai. Kuta zetu nene za mawe ya matumbawe huimeza, kwa hiyo vuta waya. Ruta ikiwa safi ila muda wa 8.8.8.8 wapanda hadi mara kadhaa ya kawaida, ingia kwenye ruta uweke kikomo cha kupakia, asilimia 85 hivi ya kasi uliyoipima. Kikomo cha juu ya kasi halisi hakisaidii: foleni itajaa kwingine.

Na usiilazimishe simu ipite TCP. Pakiti moja ikipotea, zote za nyuma yake huisubiri.