Kifuko cha Halloween Kisichorudishwa Nyumbani

Mwaka wa kwanza mwanangu alipoanza shule hapa Minneapolis, Marekani, nilijaza vifuko vya Halloween, yaani vya zawadi ndogo za kuwagawia wenzake darasani katika sikukuu ambayo watoto hujivika mavazi ya kuigiza na kuomba peremende mlango kwa mlango. Nilivijaza kwa moyo wa mama wa Tanga: kashata za karanga nilizozipika mwenyewe usiku, nikazikata mraba na kuzifunga moja moja kwa karatasi ya nailoni. Jioni ya tarehe 31 Oktoba mtoto alirudi na boksi lilelile, vifuko vyote 23, pamoja na barua fupi ya mwalimu iliyoeleza kwa adabu kwamba darasani yupo mwenye mzio wa karanga na kwamba shule haipokei chakula kilichopikwa nyumbani. Kashata tulizila wenyewe hadi katikati ya Novemba.

Tangu hapo sinunui kitu kabla ya kumwuliza mwalimu idadi ya watoto, mizio iliyomo darasani, na kama chakula kinaruhusiwa. Sheria ya Marekani inavitaja vyakula tisa ambavyo lazima vionyeshwe kwenye lebo kwa sababu ya mzio, na tangu mwaka 2023 ufuta umo, ule ule ambao nilikuwa nimeupanga uchukue nafasi ya karanga.

Kama peremende zinaruhusiwa, zitunze lebo za mfuko mkubwa, kwa kuwa vipakiti vidogo vya ndani mara nyingi havina orodha ya viungo, na chokoleti ndogo huweza kutengenezwa tofauti na ile kubwa ya jina hilo hilo. Peremende laini za kutafuna nazo zisomwe vizuri: nyingi zina jelatini ya nguruwe, na katika mji huu wenye Wasomali wengi, kifuko cha namna hiyo kitamwacha mtoto akiwatazama wenzake wakila.

Mimi siku hizi sitii chakula kabisa. Natia penseli, raba, stika na kijiti kinachong'aa gizani, ambacho humsaidia mtoto kuonekana na madereva anapopita mlango kwa mlango usiku. Penseli za bei ya chini huniudhi, kwa hiyo nachonga moja kwanza, na risasi ikikatika mara mbili tatu, pakiti nairudisha dukani. Filimbi sitii, namhurumia mwalimu. Vimpira vidogo vya kudunda navyo niliviacha, maana kifuko hufika nyumbani kwa mdogo wa miaka miwili anayetia kila kitu kinywani.

Picha za mafuvu na wachawi pia huziepuka, kwa sababu wapo wazazi, Waislamu na Wakristo, wasioipenda sikukuu hii. Penseli yenye maboga na majani makavu haimkeri mtu. Vitu hivyo huvinunua tarehe 1 Novemba, maduka yanapoteremsha bei, nikaviweka kabatini hadi mwaka unaofuata.