Baraza ni huru, lakini ripoti zinakwenda kwa waziri "kwa hatua zaidi"

SWALI: Profesa, shikamoo. Nimeteuliwa kuwa mwenyekiti wa baraza huru la kuishauri serikali kuhusu sayansi na teknolojia. Maisha yangu yote yamekuwa maabara na darasani. Hadidu za rejea nilizopewa ni kurasa mbili. Neno "huru" limo mara tano, ila bajeti inatoka wizarani na kila ripoti inapelekwa kwa waziri "kwa hatua zaidi". Swali la kwanza limeshafika: je, mitambo ya kutambua watu kwa sura itumike kwenye majengo ya umma? Wanataka ndiyo au hapana, ndani ya wiki sita. Nianzie wapi, na uhuru huo nitaulindaje bila kugombana na walioniteua?

JIBU: Marahaba. Hongera, na pole kidogo.

Swali la sura liache mezani siku mbili tatu, urudi kwenye zile kurasa mbili ukiwa na kalamu. Hayo maneno "kwa hatua zaidi" ndiyo yatakayokutesa kuliko sayansi yoyote. Maana yake ni kwamba ripoti itaishia kwenye droo ya meza. Omba yabadilishwe yasomeke hivi: ripoti itachapishwa siku 30 baada ya waziri kuipokea, awe ameikubali au ameikataa. Zikiwa 45 si neno. Muhimu ni kwamba siku zihesabike zenyewe bila kungoja saini ya mtu. Waziri aione mapema, asije akaulizwa na waandishi jambo ambalo hajalisoma, lakini kuiona si kuihariri. Omba sasa hivi. Leo hakuna anayejua ripoti yako ya kwanza itamuudhi nani, kwa hiyo hakuna mwenye sababu ya kukukatalia. Rasimu ikishaanza kunong'onwa, umechelewa.

Hapo hapo uliza uteuzi wako unaweza kutenguliwa kwa sababu zipi. Oktoba 2009 Profesa David Nutt aliondolewa uenyekiti wa baraza linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya, baada ya kusema hadharani kwamba pombe na tumbaku zina madhara kuliko baadhi ya dawa zilizopigwa marufuku. Wajumbe kadhaa walijiuzulu. Mwaka uliofuata serikali ilitoa kanuni za kuheshimu uhuru wa kitaaluma wa washauri wake, na za kueleza hadharani sababu pale inapoamua kinyume cha ushauri. Wewe ziombe kanuni za namna hiyo kabla ya ugomvi.

Fedha kutoka serikalini hazinisumbui sana. Mabaraza mengi yanaishi hivyo. Kinachonisumbua ni nani anaweza kuzikata katikati ya mwaka, na nani anaajiri sekretarieti. Marekani ilikuwa na Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia chini ya bunge, iliyoundwa 1972, ikiwa na bodi ya wabunge 12 waliogawanywa sawa baina ya vyama viwili. Mwaka 1995 hakuna aliyehangaika kufuta sheria yake. Ilinyimwa fedha tu, ikafunga milango.

Sasa swali lenyewe. "Itumike au isitumike" si swali la kisayansi, na ukilijibu kwa ndiyo au hapana utakuwa umemfanyia waziri kazi yake, kisha lawama ubebe wewe. Mrudie, ikiwezekana ana kwa ana, mlichambue pamoja. Mitambo inakusudiwa kuthibitisha kwamba mfanyakazi ni yule aliye kwenye kitambulisho chake, au kumsaka mtu mmoja ndani ya umati? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tuseme mtambo unamfananisha kimakosa mtu mmoja kati ya 1,000 na watu walio kwenye orodha ya wanaosakwa. Kwenye karatasi ya muuzaji hiyo ni sifa. Lakini wakipita watu 10,000 kwa siku, kila siku utawasimamisha watu 10 hivi wasio na hatia, hata kama siku hiyo hakupita msakwaji hata mmoja. Halafu uliza hao kumi ni akina nani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwaka 2019 vipimo vya programu 189 kutoka kwa watengenezaji 99, ikakuta kwamba katika nyingi kati ya hizo, makosa ya kufananisha watu wawili tofauti yalikuwa makubwa zaidi kwa nyuso za watu wenye asili ya Afrika na Asia, mara 10 hadi 100 kutegemea programu. Kwa hiyo baraza linaweza kujibu hili: mtambo unakosea mara ngapi, unamkosea nani, na kosa likirekebishwa linachukua muda gani. Iwapo makosa hayo yanavumilika, anaamua aliyepigiwa kura.

Wiki sita zinatosha kwa hayo, mradi uandike wazi kipi kina uhakika na kipi bado.

Kwenye uandishi ndiko mabaraza mengi yanakojikwaa. Baraza moja nililowahi kulitumikia lilikaa karibu saa nzima juu ya sentensi moja: "Hakuna ushahidi kwamba kemikali hii ina madhara." Mjumbe mmoja, mpole, haongei ovyo, akauliza: "Ni wangapi waliokwenda kuutafuta huo ushahidi?" Kimya. Kutokuwapo ushahidi wa madhara na kuwapo ushahidi kwamba hakuna madhara ni vitu viwili, na msomaji wa magazeti hatavitofautisha usipomtofautishia. Tuliandika upya: "Tafiti zilizopo ni chache na ndogo, hazikuona madhara, wala hazikuwa na uwezo wa kuyaona kama ni madogo." Mtu wa habari wa wizara aliipenda zaidi ile ya kwanza, na sikushangaa.

Jambo la pili la uandishi: tahadhari usiiachie sentensi yake peke yake. Februari 1989 kamati ya Profesa Richard Southwood nchini Uingereza ilisema haielekei kabisa kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe utaathiri afya ya binadamu. Ikaongeza kwamba iwapo makadirio yao yana kosa, matokeo yatakuwa mazito mno. Sentensi ya kwanza ilirudiwarudiwa miaka na miaka, ya pili ikadondoka njiani. Machi 1996 serikali ikatangaza bungeni wagonjwa 10 wa ugonjwa mpya wa ubongo, na kwamba uhusiano na ng'ombe ndio maelezo yaliyoelekea zaidi. Shona tahadhari ndani ya hitimisho lenyewe, anayetaka kunukuu nusu ashindwe.

Mgongano wa maslahi: usitafute wajumbe wasio na maslahi, utapata wasioijua teknolojia. Wayatamke, yaandikwe kwenye rejista iliyo wazi, na mwenye hisa kwenye kampuni atoke chumbani uamuzi unapofikiwa. Anayepinga hitimisho aandike maoni yake, yachapwe humo humo. (Na wajumbe wasizidi 15. Zaidi ya hapo ni mkutano wa hadhara.)

Mwisho, hofu yako ya kugombana. Serikali ina haki ya kukusikiliza na kuamua kinyume. Hapo huna ugomvi, usikimbilie redioni. Lakini waziri akisema "wataalamu wametuhakikishia" na hamkuhakikisha kitu, andika siku ileile, kwake kwanza, kisha iwekwe wazi. Mistari michache tu:

"Mheshimiwa Waziri, ripoti yetu, ukurasa wa 4, inasema mitambo hii inaweza kuthibitisha vitambulisho mlangoni. Haikusema kwamba inaaminika kusaka watu katika umati. Tunaomba kauli ya jana irekebishwe. Tuko tayari kukutana nawe wakati wowote."