Jibu kwa dada wa Ndosho: mtoto wa paka apewe joto kabla ya maziwa

Mdogo wangu wa Ndosho, nimesoma swali lako asubuhi hii nikiwa kwenye meza yangu ya unga hapa soko la Virunga, Goma. Najibu kwa urefu kwa sababu walionitangulia kukujibu wote wamebishana juu ya maziwa tu. Umesema umeokota mtoto wa paka nyuma ya nyumba, macho bado yamefumba, mama yake hajaonekana tangu juzi. Ulimpa maziwa ya ng'ombe, sasa anaharisha maji ya njano, amepoa, hata kunyonya hataki. Na papa wa watoto, yaani mumeo, anasema atupwe.

Hilo neno "amepoa" ndilo lililonishtua. Kuhara tutakufikia. Kabla hujasoma mstari mwingine, mtie kifuani, ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi, jifunge kitenge juu yake kama unayebeba mtoto mgongoni, ila huyu mbele. Haya, sasa soma.

Mimi ni muuza unga, na asiye na paka kwenye biashara hii anafuga panya. Ndiyo maana watoto wa paka wasio na mama wananifikia kila mara. Nimelea sita. Wanne walikua, wawili walinifia, na wa kwanza kati ya hao wawili nilimuua mwenyewe nikidhani namsaidia.

Jirani alikuwa ametega sumu ya panya. Panya akaila, paka wetu akamla panya, akafa baada ya siku chache akitoka damu puani. Aliacha mtoto mmoja nyuma ya magunia. Nilimkuta usiku, mvua inapiga mabati, yeye baridi kama jiwe la ziwani. Nikafanya ambalo mama yeyote angefanya: nikapasha maziwa, nikamlaza chali mkononi kama mtoto wa mtu, nikasukuma seringi. Alimeza mara mbili tatu. Halafu nikaona povu dogo jeupe likitokea tundu la pua, likapasuka, likatoka lingine. Nikampangusa, nikafurahi kwamba amekula. Asubuhi tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na yeye amekufa.

Veterineri mmoja mzee, daktari wa mifugo, wa mbuzi na ng'ombe hasa, ndiye aliyenieleza nilipokosea, na nilikosea mara mbili. Kwanza, mtoto wa paka wa wiki moja hajui hata kutetemeka. Binadamu akisikia baridi mwili unatetemeka unapata joto; yeye hana hilo bado, joto lake lote ni la kuazima kwa mama na ndugu zake. Paka mkubwa ana digrii 38 hadi 39, huyu mdogo wiki ya kwanza ana 35 au 36 hivi. Akishuka chini ya 34, matumbo yanasimama kufanya kazi. Maziwa unayompa yanakaa pale pale, yanachacha, yanajaa gesi. Pili, ukimlaza chali maziwa yanaingia kwenye mapafu. Lile povu la puani ndilo lilikuwa linaniambia hivyo, na mimi nikalifuta kwa kitambaa.

Goma si Kindu kwenye joto. Tuko mita 1,500 na kitu juu, upepo wa ziwa unapita katikati ya mbao, chini ni mawe ya volkano yanayoshika baridi usiku kucha. Mtoto wa paka akilazwa sakafuni hapa kwetu, hata juu ya nguo, kufika saa tisa za usiku amekwisha.

Ninavyofanya mimi: kartoni ya sabuni, chini naweka magazeti mengi, juu kipande cha blanketi. Chupa ya plastiki ya nusu lita naijaza maji ya moto, si ya kuchemka, naivika soksi nene, naiweka upande mmoja tu wa kartoni. Upande mmoja, ili akisikia moto umemzidi aweze kutambaa kwenda upande wa pili. Juu nafunika nusu kwa kitenge. Wiki ya kwanza kartoni inatakiwa iwe na joto la digrii 30 hivi, yaani ukitia mkono usikie vuguvugu. Umeme usikutie wasiwasi, ukatike tu: chemsha maji jioni, jaza termosi, na kila unapoamka kumlisha badilisha maji ya chupa. Termosi yangu imeokoa paka wengi kuliko dawa yoyote niliyonunua.

Na tafadhali, usiweke kartoni karibu na mbabula, lile jiko la makala (makaa), wala usiingize mbabula chumbani mkalala nayo mlango umefungwa ili paka apate joto. Moshi usioonekana wa makala unaua watu, usiseme paka.

Kupasha kwenyewe kuwe polepole, saa moja au mbili kifuani. Utajuaje amepata joto? Mtie ncha ya kidole kidogo mdomoni, kidole kilichonawa. Ukisikia ndani ni baridi, bado. Ukisikia pana joto na ulimi unajikunja kukishika kidole, hapo yuko tayari. Akiwa amelegea kabisa, mpake tone la maji ya sukari kwenye fizi wakati unampasha, tone tu, usimimine.

Sasa kuhara. Maziwa ya ng'ombe, hata yawe mazuri ya Masisi, hayamfai. Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari ya maziwa ya ng'ombe inamzidi nguvu, inabaki tumboni inavuta maji, ndiyo hayo ya njano unayoyaona. Kwa mnyama wa gramu mia moja, kuhara kwa siku moja kunaweza kumaliza kila kitu. Basi, akishapata joto, milo miwili ya kwanza usimpe maziwa. Nunua farmasi kifuko cha SRO, ile dawa ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha, koroga kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemka yakapoa, umpe vuguvugu. Kisichotumika ndani ya siku moja kimwage. Kuhara kukipungua rudi kwenye maziwa, kwanza ukiyachanganya nusu kwa nusu na hiyo SRO. Kama kunaendelea hadi kesho, au ukiona damu, usingoje jibu langu lingine. Chukua pikipiki umpeleke kwa veterineri.

Maziwa gani? Yaliyo bora ni ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Mimi sikuwahi kuyakuta madukani kwetu, niliagiza kwa mtu anayesafiri Kigali. Wakati unayasubiri, ya mbuzi yaliyochemshwa, ukayapiga na kiini cha yai, ute wake usiutie, yanaweza kukuvusha siku mbili tatu. Ni daraja tu, usijenge nyumba juu yake. Ya kopo yenye sukari, hapana. Uji, hapana kabisa, hata kama mama mkwe anasema paka wao walikua kwa uji.

Lakini kabla hujahangaika na hayo yote, piga simu. Uliza majirani, uliza kanisani, uliza kwenye bucha, nani ana paka aliyezaa karibuni? Paka anayenyonyesha mara nyingi anapokea mtoto wa mwenzake, hasa ukimsugua kwanza kwa kitambaa walicholalia watoto wake, harufu ifanane. Wawili kati ya wanne wangu waliokua walilelewa hivyo, na mimi nililala usiku wangu. Kaa uangalie saa ya kwanza. Akimlamba, umemaliza kazi. Akimfokea, mtoe.

Kama hakuna mama wa kambo, basi ni wewe na seringi. Ya mililita moja au mbili, bila sindano, si ile ya tano, kwa sababu ya tano inasukuma mengi bila kutaka. Mlaze kifudifudi kwenye taulo, kichwa kimeinuka kidogo, vile vile angelala kwenye tumbo la mama yake, miguu ya mbele ipate kitu cha kukanda. Tia ncha ya seringi pembeni mwa mdomo, toa tone, ngoja ameze. Tone lingine, ngoja. Akianza kunyonya kwa kweli utaona masikio yakicheza, yanakwenda mbele na nyuma kila anapovuta. Wa kwanza kunifanyia hivyo nilimwita mume wangu aje aone, saa nane za usiku, naye hakufurahi. Maziwa yakitokea puani, simama mara moja, mwinamishe kichwa chini, mpanguse, usiendelee mpaka apumue vizuri.

Kipimo: kwa kila gramu 100 za uzito, mililita 4 kwa mlo, usizidishe hata akilia. Wiki ya kwanza kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Wiki ya pili kila saa tatu au nne. Ndiyo, utachoka. Weka simu ikuamshe.

Mzani wa maharage haukufai hapa. Mimi niliazima mzani mdogo wa jirani anayepika gato (keki), nikamtia paka ndani ya gobele, kikombe cha plastiki, asitambae. Kila asubuhi, saa ile ile, nikaandika kwenye kalenda ukutani. Anapozaliwa huwa kwenye gramu 100 hivi, kisha aongezeke kumi au zaidi kwa siku. Siku asipoongezeka, jiulize. Siku akipungua, ni ugonjwa hata kama anaonekana mzima, na mzani utakuambia kabla ya macho yako.

Kitu ambacho hakuna aliyekuambia: hawezi kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba nyuma, na kulamba huko ndiko kunakofungua njia. Baada ya kila mlo chukua pamba au kitambaa laini chenye maji vuguvugu, msugue taratibu chini ya mkia mpaka mkojo utoke. Ukiwa wa njano iliyokolea, maji mwilini hayatoshi. Fanya hivyo mpaka wiki ya tatu au ya nne. Wa pili kunifia, naamini alikufa kwa kuziba, maana nilimwachia binti yangu siku mbili nikiwa Sake na sikumwonyesha jambo hili. Sikumlaumu yeye.

Angalia pia viroboto. Mtoto mdogo hivi viroboto vinamnyonya damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi. Tumia kitana cha chawa, ukichovye kila mara kwenye bakuli la maji ya sabuni, ukianzia shingoni. Usimpake dawa ya kuogeshea mbuzi, wala poda ya mbwa. Nyingi zina sumu ya wadudu iitwayo permetrini au za jamii yake, na paka hawezi kuzihimili. Na paracetamol isimguse, wala sasa wala akikua. Kidonge kimoja kinaweza kuua paka mzima.

Macho yatafunguka yenyewe kati ya siku ya 7 na ya 14, usiyalazimishe. Ila kope zikivimba zikiwa bado zimefumba, au usaha ukatokea kwenye pembe, huo ni ugonjwa ndani. Lainisha kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, kisha nenda ukapate dawa ya macho kwa anayejua. Nimeona paka wawili vipofu hapa sokoni kwa sababu watu walisema macho bado hayajafika wakati wake.

Mengine ni ya mbele. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, kwa uzito, umuulize veterineri, maana minyoo hupita hata kwenye maziwa ya mama. Wiki ya nne ataanza kulamba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliochemshwa na kupondwa bila chumvi, na utamwekea sahani ya mchanga. Chanjo kuanzia wiki ya sita au ya nane, ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu. Usiiruke hiyo ya mwisho, una watoto nyumbani.

Kuhusu papa wa watoto: wangu naye alisema hivyo hivyo. Nilimuuliza tu magunia mangapi ya unga panya walitutoboa mwaka ule. Akanyamaza, na baadaye ndiye aliyekuwa akijaza termosi.

Jioni ya leo uniandikie hapa mambo matatu: uzito wake, rangi ya fizi, na kama ulimi unashika kidole. Nafunga meza saa kumi na moja, nitaangalia simu nikifika nyumbani.