Wikiendi za London kwa Mtu wa Tanga

Tanga hatupangi wikiendi. Jumamosi jioni unatoka zako Ngamiani, unapita kijiweni, mara mmeshakuwa wanne, mnaelekea Raskazone kupunga upepo. Hakuna aliyealikwa, hakuna aliyeomba udhuru. Vijana wetu wanaokwenda kusoma London wanaondoka na mazoea hayo hayo, wanakaa chumbani kusubiri hodi. Hodi haiji. Si kwamba watu wa kule hawana upendo. Mmoja anaishi mashariki ya jiji, mwingine kusini, kufikiana ni saa nzima na ushee, na nusu yao wako kwenye shifti wanabeba boksi.

Niliishi huko kabla ya kurudi Chumbageni, na kila mdogo wangu au mpwa anayenipigia kulalamikia upweke namwambia jambo lile lile: tafuta wenzako watatu au wanne, chagueni siku moja na saa moja ya kudumu, kisha msiulizane tena. Sisi tulikuwa na Jumapili saa nane mchana, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Mwenye kazi hakuja, wala hakununiwa. Aliyekuja alikuta watu. Lile kundi la WhatsApp la watu arobaini linaloamka kila Ijumaa na "jamani, kesho wapi?" halifiki popote. Kila mtu anangoja mwenzake aseme, na wikiendi inaisha hivyo hivyo.

Mkikutana, pikeni. Ndizi mbichi, mihogo na bamia zipo soko la Ridley Road, Dalston, na manunuzi yote yafanyeni Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka makubwa ya Uingereza yanaruhusiwa kuuza kwa muda wa saa sita tu. Tui la kopo ni zito: limimine kidogo, lizimue kwa maji liwe tui la pili la kuivishia samaki, lile zito lisubiri mwisho. Chapati nazo zina masharti. Kabla chuma hakijashika moto, funga mlango wa jikoni na ufungue dirisha hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio, maana moshi ukikifikia kile kidude cha darini kitalia mpaka jirani atoke na nguo za kulalia.

Mkila hotelini, semeni mapema kwamba kila mtu analipa chake. Watu wa pwani tunaona haya kulitamka hilo, lakini bili ikigawanywa sawa kwa sawa, aliyekunywa chai anamlipia mwenzake kamba.

Na London ina mengi ya bure kuliko inavyosemwa. British Museum huingii kwa kiingilio, na humo mna vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa Kisiwani; ukivifikiria vilivyosafiri, safari yako wewe inakuwa ndogo. South Kensington kuna makumbusho makubwa matatu yaliyopakana, yote bure. Kiangazi pandeni kilima cha Greenwich, jiji lote liko chini yenu, na mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku. Nendeni kwa basi: ukishalipa nauli, ndani ya saa moja unabadilisha mabasi mengine bila kukatwa tena. Treni za chini ya ardhi ziangalieni asubuhi hiyo hiyo, kwani matengenezo mengi hufanywa wikiendi na njia hufungwa.

Hamu ya bahari ikizidi, Brighton ni kama saa moja kwa treni. Mkiwa watatu hadi tisa ulizeni punguzo la GroupSave, linakata theluthi ya nauli kwenye reli nyingi saa zisizo na msongamano. Ila vaeni viatu. Ufukwe wao ni kokoto tupu, wenyewe wanalala juu yake na kuuita starehe.

Baridi ndiyo mtihani. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mtu akishavua koti hatoki tena. Hapo sogezeni miadi iwe mapema, na msimwache anayeanza kukosa kukosa, mpitieni kwake. Msijifungie Watanga kwa Watanga pia, mkaishia kubishana Coastal Union na African Sports kila wiki. Mwiteni yule Mghana mnayekaa naye, aje na wali wake wa jollof.

Sikukuu ya Krismasi ipangeni mapema zaidi. Tarehe 25 Desemba mabasi na treni za jiji havitembei kabisa, kwa hiyo wageni wafike tarehe 24, na mwenye nyumba aazime magodoro.