Kompyuta ya steshenari imezeeka: niiboreshe au niiuze?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina steshenari ndogo Nyegezi, jijini Mwanza, ambako ninachapa, kutoa kopi na kuprinti kazi za wanafunzi. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua mwaka 2017 ikiwa tayari imetumika. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, diski ngumu (hard disk) ya GB 500 na Windows 10. Siku hizi huchukua dakika saba au nane kuwaka, na mwanafunzi akileta kazi yenye kurasa nyingi inaganda huku foleni ikifika mlangoni. Fundi mmoja ameniambia niongeze RAM, na mwingine ameniambia niiuze kwa bei yoyote. Mtaji wangu ni mdogo. Je, ninaweza kuiboresha mwenyewe, na nianzie wapi?
Mama wa steshenari, Mwanza

JIBU: Unaweza, mama, na kazi yenyewe haihitaji zaidi ya bisibisi ya nyota na asubuhi moja ya Jumapili. Kabla hujatoa hata shilingi, subiri kompyuta ielemewe, kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, utazame asilimia za diski na za RAM. Ninatarajia utakuta diski imefika 100 huku prosesa ikiwa haina kazi kubwa. Diski ngumu ya aina hiyo ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na mkono mmoja unaosogea huku na huko kutafuta kila kipande cha faili; Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande hivyo kwa mfululizo, na kila kimoja husubiri mkono ufike. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka wala kusogea, na ndiyo maana kompyuta ya umri wa yako mara nyingi huwaka chini ya dakika moja baada ya kubadilishiwa diski peke yake.

Fundi wa RAM hakukosea, ila ameanzia mwisho. GB 4 ni chache, na RAM inapojaa Windows huazima nafasi kwenye diski, jambo linalozidi kuielemea diski ile ile iliyochoka. Hata hivyo, kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua SSD, kwa sababu siku utakapobadilisha kompyuta utahama nayo, ilhali RAM ya DDR3, ambayo ndiyo ya kawaida kwa kizazi cha prosesa yako, haiingii kwenye mashine za sasa. Ukipata fedha ya kuongeza GB 4 nyingine, chomoa kwanza iliyomo uende nayo dukani: maandishi ya PC3 na PC3L kwenye lebo yake si kitu kimoja, nayo PC4 (ya RAM mpya zaidi) haitaingia kabisa kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Hakikisha pia kwamba Windows yako ni ya biti 64, kwani ile ya biti 32 haitanufaika na RAM inayozidi GB 4.

SSD ya kununua ni ya SATA (aina ya kiunganishi), inchi 2.5, na GB 240 au 256 zinatosha. Omba ijaribiwe mbele yako, na ikimbie ile yenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya mchicha. Kama huoni waya wa ziada wa SATA ndani ya kasha, azima wa kisoma CD, ambacho nadhani hakijaguswa tangu uinunue.

Nakili kazi zote na daftari la wadeni kwenye vifaa viwili tofauti kabla ya kufungua kitu chochote. Ikiwa diski ya zamani inagonga-gonga, acha mengine yote unakili kwanza. Mimi ningeweka Windows upya kwenye SSD badala ya kuhamisha ya zamani pamoja na virusi ambavyo flashi za wanafunzi zimekuachia, kisha diski ya zamani ningeitunza mwezi mzima bila kuifuta.

Ukifungua kasha, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa vifaa. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna mgeni ambaye vitabu vya kompyuta havimtaji: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa usiku, ambao hufia kwenye feni na kushikana na vumbi. Waondoe kwa brashi laini kavu huku umeizuia feni kwa kidole. Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) usiifungue kamwe, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Kama saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, badilisha pia betri ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi (ubao mkuu). Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi hukataa kufunguka.

Usinunue prosesa mpya. Prosesa za kizazi cha nne hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11, na msaada wa bure wa kawaida wa Windows 10, pamoja na masasisho ya usalama, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo itumie mashine hii kuchapa na kuprinti, na miamala ya benki uifanyie kwingine.

Ukimaliza, ukawasha na kusikia milio bila picha kwenye skrini, usiogope: mara nyingi RAM haijakaa vizuri. Zima, chomoa waya, kisha uikandamize mpaka vibanio vya pembeni vilie.