Michezo, hamamu na maasi chini ya Roma

Ndugu, umeuliza iwapo makaizari wa Roma walijenga viwanja vya michezo na hamamu ili kuwatuliza watu wa majimbo wasiasi. Kwa maoni yangu, mara nyingine mambo yalikwenda kinyume: uasi ndio uliogharimia michezo. Wayahudi waliasi mwaka 66, Jerusalem ikaangushwa na jemadari wa Kirumi Titus mwaka 70, na ngawira za vita hivyo zikasaidia kujenga Colosseum, uwanja mkubwa wa michezo mjini Roma, ambao Titus mwenyewe, akiwa sasa kaizari, aliuzindua mwaka 80 kwa michezo ya siku 100. Kabla ya hapo, mateka wengi walikuwa wamekwisha kuuawa mbele ya watazamaji huko Kaisaria, mji wa pwani ya Yudea, baadhi wakitupiwa wanyama wakali, wengine wakilazimishwa kupigana wao kwa wao.

Kando ya Colosseum, Titus alifungua hamamu. Katika hamamu za Kirumi, tanuri lilipeleka hewa ya moto chini ya sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, hata waogaji wakahitaji viatu vya mbao.

Ama Boudica, malkia huko Britania, aliasi mwaka 60 au 61 baada ya Warumi kumchapa viboko na kuwanajisi binti zake. Sidhani kama hamamu yoyote ingemtuliza.